Matheka na Mashine Iliyowabadili Watu Majina

Saa mbili asubuhi, na Elikana Matheka tayari amekiri kosa. Hajaulizwa. Anasukuma mlango wa chumba cha kompyuta kwa bega, mikono imejaa masanduku ya kadi, na kabla mgeni wa gazeti hajapata pa kukaa anatanguliza: "Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakwambia mapema, maana ukimsubiri Lenah akwambie, ataongeza chumvi."

Lenah Kageha, mama wa watoto watatu ambaye kazi yake ni kutoboa kadi zinazolishwa mashine, hainui kichwa. Vidole vinaendelea kugonga.

"Chumvi ya nini?" anasema. "Mchuzi wenyewe ulitosha."

Chumba hiki kiko ghorofa ya kwanza ya jengo moja kando ya Jogoo Road, upande wa Makongeni. Chini kuna duka la vipuri vya baiskeli. Juu, kampuni ndogo ya Bw Samatar Wehliye huwahesabia wengine mishahara. Kiwanda kisicho na kompyuta huleta majina ya watu wake na saa walizofanya kazi, kikarudishiwa hati za mishahara zilizochapwa safi, moja kwa kila mtu.

Mashine yenyewe ni pana kama makabati mawili ya nguo yaliyosimamishwa pamoja, nayo huvuma kama mtu anayetafuta wimbo asioukumbuka. Ndiyo pekee jengoni inayopulizwa hewa baridi. Wafanyakazi wa duka la chini hupanda mara kwa mara kuuliza maswali yasiyo na maana, wapoe kidogo, kisha wateremke.

Bw Matheka, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ndiye mwandishi wa programu, yaani maagizo ambayo mashine hufuata. Leo hii, mwezi wa Julai 1981, Bw Ochola anakuja. Bw Ochola ni mhasibu wa kiwanda kimoja cha sabuni, na hii ni mara yake ya pili kuja kuijaribu kazi ya Bw Matheka. Mara ya kwanza aliondoka na jina lisilo lake.

Bw Samatar ameshasema neno lake. Majaribio ya leo yakiharibika, kazi ya kiwanda cha sabuni itakwenda kwa washindani wao mjini, mfumo wa Bw Matheka utatolewa kwenye mashine, naye atarudi kutoboa kadi pembeni ya Bi Kageha.

"Na kiti chake nimeshakipangusa," Bi Kageha anasema.

Kuelewa kosa lenyewe, lazima kwanza kuielewa shida ya nafasi.

Kompyuta ina kumbukumbu, mahali inapoweka vitu inavyovishughulikia kwa wakati huo: jina la mtu, saa zake, makato yake. Mashine ya Bw Samatar ina nafasi elfu nane, basi. Kuongeza nyingine kunataka kibali cha kuagiza kutoka ng'ambo, na kibali kinataka subira ambayo wateja hawana.

Programu nayo imegawanywa katika vifungu. Kimoja husoma jina, kingine husoma kazi ya mtu, kingine hukata kodi. Mwandishi aliyemtangulia Bw Matheka alikipa kila kifungu nafasi zake za kudumu. Kifungu cha kodi kilikalia nafasi zake hata wakati hakuna kodi inayokatwa, mfano wa mpangaji aliyefunga chumba kwa kufuli akaenda mashambani mwezi mzima. Programu ya kiwanda cha sabuni ilipopimwa kwa mtindo huo, ilitaka nafasi elfu kumi na moja. Haikuingia.

Bw Matheka akaunda lugha yake. Maneno yake ni ya Kiswahili: kifungu hufunguliwa kwa ANZA na kufungwa kwa MWISHO, na kifungu kimoja chaweza kukaa ndani ya kingine. Kisha akaandika mfasiri, programu inayoigeuza lugha hiyo iwe tarakimu ambazo mashine inazielewa. Lugha haijapewa jina rasmi. Bi Kageha huiita Kimatheka.

Siri ya Kimatheka ni kwamba hakuna kifungu chenye chumba cha kudumu. Kikisema ANZA, kinapewa nafasi juu ya zile zilizokwisha kuchukuliwa. Kikisema MWISHO, kinazirudisha zote. Kikiita kingine katikati ya kazi, huyo mgeni hupewa nafasi za juu yake, na sharti afunge yeye kwanza ndipo mwenyeji aendelee. Vifungu viwili visivyofanya kazi kwa wakati mmoja hutumia mahali pamoja, kwa zamu.

"Nisichofanya ni kufuta," anaeleza, huku akipanga kadi mlishoni. "Kufuta ni kupoteza wakati. Nina alama moja tu inayosema nafasi zilizotumika zimefika hapa. Kifungu kikifunguliwa naipandisha. Kikifungwa naishusha. Vilivyokuwamo vinabaki vimelala hapohapo mpaka mwingine aje avilalie juu."

Kwa mtindo huo, programu iliyotaka nafasi elfu kumi na moja ilitosheka na elfu tano na kidogo.

Hakuyatoa hayo hewani. Bw Matheka alizaliwa Shauri Moyo, kwenye nyumba ya chumba kimoja, mtoto wa mchonga vinyago aliyetoka Machakos na kuuza kazi zake sokoni Gikomba.

"Mchana nyumba ilikuwa karakana," anakumbuka. "Baba akichonga faru, mteja anabisha. Mama anasogeza magogo, anaweka stuli juu ya maranda ya mbao. Mteja akiondoka, stuli inatoka, Baba anaendelea palepale tezo lilipoachia. Jioni maranda yanafagiliwa, wanaingia watu wa maombi. Wakitoka, tunatandika tulale. Chumba kilikuwa kimoja, na hakuna siku faru alikaa na watu wa maombi."

"Mimi nilidhani kila nyumba ni hivyo," anaongeza. "Nilipopelekwa kwa mjomba, mtaa wa Donholm, nikakuta chumba cha kulia tu, kimekaa bure kutwa kucha kinangoja watu wale, niliwaonea huruma. Nikasema hawa watu hawajui kukunja."

Shule aliiacha kidato cha pili, baba yake alipokatwa na shoka mguuni na faru wakaacha kuzaliwa. Akawa tarishi katika ofisi ya bima, akafukuzwa. Akawa karani wa stoo, akafukuzwa pia. Stoo ilikuwa pungufu na yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Alifika kwa Bw Samatar kama mtoboa kadi. Fundi mmoja wa kigeni aliyekuja kuifunga mashine alimwachia vitabu vya maelekezo, kwa kuwa vilikuwa vizito mno kurudi navyo kwa ndege. Alivisoma miaka mitatu. Mshahara wake wa sasa unafika kwenye kodi ya nyumba na karo, halafu unaketi.

Sasa kosa.

Programu ya mishahara hufanya mambo matatu kabla ya kuchapa hati. Kifungu cha kwanza husoma jina kutoka kwenye kadi. Kikifungwa, cha pili hufunguliwa na kusoma kazi ya mtu huyo. Kikifungwa nacho, jina na kazi huchapwa.

Njia ya kawaida ni kifungu cha jina kulinakili lile jina na kulikabidhi kwa aliyekiita kabla ya kufungwa. Bw Matheka aliona kunakili ni kupoteza nafasi. Akakiagiza kifungu kisikabidhi jina, kikabidhi maelekezo tu: jina liko nafasi fulani, lina herufi kadhaa, nenda ukalitazame.

"Ubahili," anasema Bi Kageha.

"Uangalifu," anasema Bw Matheka.

"Mtu anahama nyumba, anakwambia barua zangu nitumie kule kule nilikohama. Huo ndio uangalifu?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kifungu cha jina kilipofungwa, nafasi zake zilirudishwa. Kifungu cha kazi kilipofunguliwa, kilipewa nafasi zile zile, na neno lake likakaa juu ya jina. Mchapaji, yaani sehemu ya programu inayochapa, alipofuata maelekezo, aliyemkuta pale hakuwa yule aliyetumwa kwake. Na neno fupi likikaa juu ya refu, mkia wa lile refu hubaki ukichungulia.

Kosa kama hilo lingeonekana siku ya kwanza, isipokuwa kwa mambo mawili. La kwanza ni bahati mbaya. La pili ni Makongeni.

Bw Matheka alijaribu programu kwa kadi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya dereva wa lori aitwaye WASIKE JAVAN. Neno DEREVA lina herufi sita, na WASIKE lina sita. Hati ikatoka imeandikwa DEREVA JAVAN. Kadi ya pili ilikuwa ya mlinzi, MAINGI PETRO. Ikatoka MLINZI PETRO.

Mtu mwingine angeshtuka. Bw Matheka alicheka. Bi Kageha anaishi Makongeni, kwenye nyumba za shirika la reli alikoajiriwa mumewe, na huko watu huitana kwa kazi zao. Aendeshaye garimoshi ni Dereva Fulani, hata kanisani, hata kwa watoto wa jirani. Mwenye bendera ni Gadi Fulani. Mtu akistaafu, anabaki na cheo chake kama anavyobaki na koti. Bw Matheka akaamua kwamba Bi Kageha ametoboa kadi kwa adabu za nyumbani kwao.

"Nikamwambia, Mama, heshima yako imezidi. Andika jina la mtu, usimpandishe cheo."

"Na mimi nikamwambia nimetoboa Wasike," anasema Bi Kageha. "Nikamwambia kadi hii hapa, isome. Jina limechapwa juu kabisa, hata asiyejua matundu analiona."

"Sikuisoma."

"Akaniambia nikapumzike kidogo, labda ni uchovu."

Bw Matheka anatazama masanduku ya kadi. "Hapo ndipo nilipokuwa mjinga," anasema. "Kukosea programu ni kawaida. Kadi iko umbali wa mkono, na mimi nachambua tabia za watu wa Makongeni."

Siku ya kuonyesha kazi, Bw Ochola alikuja na wakubwa wawili wa kiwanda. Hati zikaanza kutoka. Dereva Javan alipita, akasifiwa. Mlinzi Petro alipita. Mkubwa mmoja akasema huo ni utaratibu mzuri, mtu anajua moja kwa moja ni nani. Kisha ikaja zamu ya fundi mmoja aitwaye MUTISYA. FUNDI ni herufi tano, Mutisya ni saba. Hati ikamwita FUNDIYA.

"Huyu Fundiya ametoka wapi?" mkubwa akauliza.

Bw Samatar akasema ni hitilafu ya kuchapa. Hitilafu ya kuchapa ikaendelea hadi kwenye hati ya Bw Ochola mwenyewe, ambaye kadi yake ilikuwa na jina hilo moja tu. Mashine ilikuwa imeagizwa kuchapa herufi sita, na ikachapa sita za kwanza ilizozikuta pale: MHASIB.

Bw Ochola aliishika hati hiyo mbali kidogo na macho, kisha karibu. "Mhasib," akasoma. "Bwana Samatar, nimesilimu lini, na mbona sikualikwa?"

Bw Samatar, ambaye ni Mwislamu na mtu asiyecheka ofisini, alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka, akamtazama Bw Matheka.

Wageni walipoondoka, Bw Samatar alitaka mambo yarudi yalivyokuwa: kila kifungu na chumba chake, programu ikatwe vipande ili iingie, na hati zitoke kwa awamu nne badala ya moja. Bw Matheka aliomba fursa moja zaidi. Alipewa, kwa masharti yale ya kiti kilichopanguswa.

Dawa ilikuwa ya sehemu mbili. Kwanza, anayeita kifungu sasa hutenga nafasi ya jibu kwake mwenyewe kabla ya kukifungua, na kifungu hulinakili jibu humo kabla hakijafungwa. Hivyo alama ikishuka, jina limeshatoka nje. Pili, mfasiri amefunzwa kukataa. Akikuta kifungu kinachojaribu kufungwa huku kikiacha maelekezo ya kitu kilichomo ndani yake, hafasiri. Anachapa mstari mmoja: MALI IMEBAKI NDANI. Na programu hairuhusiwi kwenda popote.

"Mara ya kwanza alinikataa mimi," anasema Bw Matheka. "Mara ya pili, mimi. Ya tatu nikaenda kunywa chai."

Bw Ochola anaingia saa tatu kasorobo, peke yake safari hii. Anakataa kiti. Anachukua sanduku la kadi kutoka kwa Bi Kageha, anazichanganya kama mchezaji karata, na kuzirudisha. "Sasa tuone," anasema.

Bw Matheka anabonyeza. Mlisho unameza kadi kwa sauti ya mtu anayepasua khanga mpya. Mashine ya kuchapa inasita, inakohoa, inaanza.

Bw Samatar amesimama mlangoni, mikono nyuma. Bw Ochola anairarua hati ya kwanza kabla hata haijatoka yote, anailinganisha na kadi yake. WASIKE JAVAN, dereva. Anaweka chini. Ya pili ni ya mwanamke wa kupakia, WAYUA NDINDI. Anaweka chini. MUTISYA, fundi. Bw Matheka anafuta mikono kwenye suruali ingawa haina maji.

Ya Bw Ochola inatoka karibu na mwisho. Anaisoma mara mbili.

"Ochola," anasema. "Mhasibu." Anaikunja na kuitia mfukoni. "Bwana Samatar, leteni mkataba."

Bw Matheka anakaa chini, kwenye sanduku la kadi, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. Bi Kageha anamwambia atoke, analivunja.

Lakini mkataba una mkia wake. Bw Ochola anataka mashine ihesabu pia malipo ya saa za ziada, na ya zamu za usiku, na yote yatoke kwenye hati ile ile. Mhasibu akishashuka ngazi, Bw Matheka anachukua penseli. Vifungu viwili vipya vitaingia, lakini kwa kubanana. Kule kunakili jina, kazi, makato na saa kumeshakula nafasi nyingi kuliko alivyopenda.

Ndipo anapotoa kadi moja kutoka mfuko wa shati. Imeshatobolewa. Ina neno moja: NAJUA.

Anaeleza. Mwandishi akiweka neno hilo mwanzoni mwa kifungu, mfasiri hatakikagua. Kitafungwa na maelekezo yake yapite, pasipo kunakili. Nafasi zitaokolewa. Amelitoboa mwenyewe jana, Bi Kageha alipokwenda chakula.

"Kwa hiyo unarudi kulekule," anasema Bw Samatar.

"Hapana. Sasa najua hatari ilipo. Nitalitumia tu pale ninapojua hakuna kifungu kitakachofunguliwa katikati."

Bw Samatar anaigeuza kadi mkononi. Haonekani kukataa. Saa za ziada ni kazi nzuri, na kibali cha kuagiza kumbukumbu bado kiko ofisi ya mtu.

Bw Matheka anaendelea, na hapa anafika kwenye mpango alionao, ule anaoupenda kuliko mshahara. Anataka kuomba ukumbi wa jamii wa Shauri Moyo kila Jumamosi, afundishe vijana waliomaliza kidato cha nne na kukaa. Wataandika programu kwa kalamu, kwa maneno wanayoyajua, kisha zije hapa kutobolewa na kujaribiwa saa ambazo mashine haina kazi. "Kiingereza kinawafukuza watu wengi mlangoni," anasema. "ANZA na MWISHO kila mtu anajua."

"Na hao ndio ninaowafikiria," anamwambia Bw Samatar. "Mfasiri lazima awe mkali kwao. Awakatalie, awachapie MALI IMEBAKI NDANI mpaka wakome. Lakini mwenye lugha hawezi kufungiwa nje ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kizuizi ni cha wengine. Mimi niachiwe mlango wangu."

"Hilo nalo lina maana," anasema Bw Samatar, na kumpa Bi Kageha ile kadi aiingize pamoja na nyingine.

Bi Kageha haiingizi. Anaiangalia juu, palipochapwa neno, kisha anaiweka mezani, uso chini.

"Wengine gani, Bwana Matheka?" anauliza. "Toka Kimatheka kizaliwe, programu zote zilizoingia kwenye mashine hii umeandika wewe."